Ziwa la kwenye jedwali: shajara ya mradi

Siku ya 1

Leo nimeanza kujenga ziwa. Halina samaki wala ufuo, lina safu na mistari ya jedwali tu kwenye kompyuta.

Chanzo chake ni kero ya muda mrefu. Ripoti za watu wa ardhi zimejaa hekta, mmomonyoko na mifuko ya mbolea. Ripoti za watu wa maji zimejaa mita za ujazo, malango ya mabwawa na vipimo vya kina. Wote wanalizungumzia ziwa lilelile, ila hesabu zao hazikutani hata ukurasa mmoja. Nataka ziwa dogo la kubuni ambamo hekta na mita za ujazo zitalazimika kukaa meza moja, nione zitakavyogombana.

Vipimo vyake: eneo kilomita za mraba 10, kina cha wastani mita 5, kwa hiyo ujazo ni mita za ujazo milioni 50. Dakio lake, yaani ardhi yote ambayo mvua yake huishia ziwani, ni kilomita za mraba 100. Mito inaingiza mita za ujazo milioni 25 kwa mwaka, na kiasi hichohicho kinatoka. Mvua inayonyesha juu ya ziwa nimeiacha ifidiwe na maji yanayopanda kuwa mvuke. Ukigawanya, maji hukaa ziwani miaka 2. Namba zote ni za kubuni, na nimezichagua ziwe nyepesi kwa makusudi, ili nikikosea nijikamate mapema.

Nitafuatilia kitu kimoja tu: fosforasi, kirutubishi cha mimea. Mwani wa majini hujijenga kwa uwiano unaojulikana kwa jina la Redfield: atomi 106 za kaboni, 16 za naitrojeni na 1 ya fosforasi. Hiyo 1 ndiyo inayoshika hatamu. Kilo moja ya fosforasi inatosha kujenga zaidi ya kilo 100 za mwani mkavu. Kuna jaribio la 1973 huko Ontario, Kanada, ambalo kila mtu wa fani hii amewahi kuona picha yake: Ziwa 226 liligawanywa kwa pazia, upande mmoja ukatiwa kaboni na naitrojeni, mwingine ukatiwa hizohizo pamoja na fosforasi. Uliopewa fosforasi ukageuka kijani kibichi, mwenzake ukabaki ulivyokuwa. David Schindler na wenzake walichapisha picha ya kutoka angani, na mabishano mengi kuhusu kinachostawisha mwani yakapoa. Naitrojeni bado ina watetezi wake, nao wana hoja, hasa kwa maziwa ya joto na yale ambayo tayari yamejaa fosforasi. Kwa sasa ninaiweka pembeni. Jedwali likiwa na vitu viwili vya kufuatilia sitalimaliza.

Siku ya 2

Nimetumia kanuni ya Richard Vollenweider, mwanasayansi wa maziwa na mito, ya miaka ya 1970. Kwa maneno ya kawaida: chukua fosforasi iliyomo kwenye maji yanayoingia, kisha igawanye kwa 1 ukijumlisha kipeuo cha pili cha miaka ambayo maji hukaa ziwani. Jibu ndilo ambalo ziwa litatulia nalo. Maana yake ni kwamba maji yakikaa muda mrefu, fosforasi nyingi hupata nafasi ya kuzama chini pamoja na chembe za udongo na mwani uliokufa.

Nimelima asilimia 40 ya dakio, iliyobaki nikaiacha msitu. Msitu nimeupa gramu 100 za fosforasi kwa hekta kwa mwaka, shamba nimelipa kilo 1. Viwango vya namna hii ndivyo watu huanza navyo, ingawa shamba halisi linaweza kuwa chini ya hapo au likapita mara kadhaa kutegemea mteremko, udongo na mkono wa mkulima.

Jibu la kwanza: chini ya mikrogramu 1 kwa lita. Ziwa safi kuliko mvua yenyewe! Nilifurahi kwa dakika moja nzima kabla ya kukumbuka kwamba kilomita ya mraba ina hekta 100, na mimi nilikuwa nimezidisha kilomita za mraba kwa kiwango cha hekta. Ndiyo faida ya namba nyepesi.

Baada ya kusahihisha: msitu mtupu unaleta kilo 1,000 kwa mwaka na ziwa linatulia kwenye mikrogramu 17 kwa lita. Ukilima asilimia 40, mzigo unapanda hadi kilo 4,600 na ziwa linafika 76. Kwa mipaka iliyowekwa mwaka 1982 na OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi zilizoendelea, mikrogramu 10 hadi 35 ni ziwa la rutuba ya kati, na 35 hadi 100 ni ziwa lililorutubika kupita kiasi. Ziwa langu limehama daraja kwa kulimwa chini ya nusu ya ardhi yake.

Angalia pia kwamba asilimia 60 ya dakio bado ni msitu. Mtu akipita juu kwa ndege atasema mazingira yametunzwa.

Siku ya 5

Siku tatu zimekwenda kwenye swali moja: shamba liko wapi? Kanuni haijali. Kwake hekta iliyo kileleni, kilomita 8 kutoka mtoni, na hekta ambayo matuta yake yanaingia mtoni ni sawa. Kila aliyewahi kuona mto baada ya mvua kubwa anajua kwamba si sawa.

Nimeongeza safu ya ukanda wa mimea kando ya mito. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya 2004 inakataza ndani ya mita 60 za chanzo cha maji shughuli zinazoweza kukidhuru. Upana huo una kazi ya kimwili: maji yanayoteremka kwa kasi yakikutana na nyasi nene yanapunguza mwendo, na yakipunguza mwendo yanatua mzigo. Fosforasi nyingi ya shambani husafiri imeng'ang'ania chembe za udongo mfinyanzi, hivyo ukizuia udongo umezuia fosforasi. Nimedhani ukanda unazuia nusu ya kinachotoka mashambani. Mzigo unashuka hadi kilo 2,600, ziwa hadi 43.

Kinamasi kinafanya kazi hiyohiyo kwa ukubwa zaidi. Mfano ambao wengi wanaujua ni Nakivubo, kinamasi cha mafunjo kinachopokea maji taka ya Kampala kabla hayajafika ghuba ya Murchison kwenye Ziwa Victoria. Upande wa pili wa ghuba hiyohiyo kuna mtambo wa Ggaba, unaochota maji ya kunywa ya jiji. Mafunjo hayo ni hatua ya mwisho ya usafishaji ambayo hakuna aliyeijenga, na sehemu yake kubwa imegeuzwa mashamba ya magimbi na miwa. Hapo hasara ni maradufu: unapoteza chujio, na palepale lilipokuwa unaweka chanzo kipya cha tope.

Nilitaka kufungia hapo nikiwa na moyo mweupe, lakini Ziwa Erie limenivuruga. Marekani na Kanada zilisaini makubaliano ya kusafisha Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, Erie likiwa mojawapo, mwaka 1972, mitambo ya maji taka ikabanwa, ziwa likapona kwa kiasi cha kusifiwa. Wakulima wa bonde la mto Maumee, unaoingia Erie, nao walianza kuacha kulima kwa kugeuza udongo, ili usichukuliwe na maji. Udongo ulitulia kweli. Halafu, tangu katikati ya miaka ya 1990, fosforasi iliyoyeyuka ikaanza kupanda tena mtoni. Mbolea iliyomwagwa juu ya ardhi isiyogeuzwa ilikuwa inajikusanya kwenye sentimita chache za juu, mvua inaiyeyusha, na mabomba yaliyofukiwa chini ya mashamba ili kuyakausha yanaipeleka mtoni moja kwa moja. Ukanda wa nyasi hauoni kitu, maji yanapita chini yake.

Agosti 2014 wakazi zaidi ya 400,000 wa Toledo, mji unaochota maji yake Ziwa Erie, na vitongoji vyake waliambiwa wasinywe maji ya bomba kwa siku kama tatu, kwa sababu ya sumu ya mikrosistini inayotengenezwa na bakteria wa kijani-buluu. Kuchemsha hakusaidii, sumu inazidi kukolea maji yanapopungua sufuriani.

Kwa hiyo safu moja ya "fosforasi" haitoshi. Nimeipasua mbili: iliyoshikamana na udongo, na iliyoyeyuka. Ukanda wa mimea unagusa ya kwanza tu. Nikisema nusu ya mzigo wa mashamba imeyeyuka na inapita bombani, ukanda wangu unaokoa kilo 1,000, siyo 2,000, na ziwa linabaki karibu 60. Tena iliyoyeyuka ndiyo mwani unayoila bila kusubiri. Ile ya kwenye udongo huliwa polepole, na nyingine haiguswi kamwe.

Siku ya 6

Nimepanga upya rangi za jedwali. Hakuna kingine.

Siku ya 9

Zamu ya maji. Nimejenga mfereji unaochepusha nusu ya mto kwenda kumwagilia kabla haujafika ziwani. Maji yanayoingia sasa ni milioni 12.5, yanakaa miaka 4 badala ya 2.

Jibu: fosforasi imeshuka kutoka 76 hadi 61.

Nilikagua mara tatu. Hesabu ni sahihi. Maji yaliyochepushwa yameondoka na fosforasi yake, na yaliyobaki yanakaa muda mrefu zaidi, kwa hiyo nyingi inazama. Kwa mujibu wa jedwali langu, namna bora ya kusafisha ziwa ni kulinyang'anya maji.

Nilichelewa kulala nikitafuta lilipo kosa, nikalikuta kwenye dhana na siyo kwenye hesabu. Nilikuwa nimeyapeleka maji ya mfereji mahali pasipokuwepo. Katika dunia yenye mteremko, maji ya kumwagilia yasiyonywewa na mmea wala kupanda angani hurudi bondeni yakiwa yamebeba mbolea ya shamba jipya. Nikiurudisha mzigo wote wa kilo 4,600 ndani ya maji nusu, jibu linaruka hadi 123. Kati ya 61 na 123 kuna swali moja tu: maji yaliyochepushwa yanarudi na nini? Swali hilo sijaliona likiulizwa kwenye mipango ya skimu za umwagiliaji kwa uzito unaolingana na kipenyo cha mabomba.

Halafu kuna vitu visivyozama. Chumvi haitui chini pamoja na udongo; maji yakipungua, yenyewe inabaki na kukolea. Bahari ya Aral mwaka 1960 ilikuwa na chumvi kama gramu 10 kwa lita na ilihesabiwa miongoni mwa maziwa manne makubwa duniani. Mito yake, Amu Darya na Syr Darya, ikageuziwa pamba, na sehemu ya kusini ikaja kupita gramu 100. Ukiipima Aral kwa kanuni ya fosforasi peke yake, unaweza kuiandikia cheti cha usafi. Sehemu ya kaskazini ilipozibwa kwa bwawa la Kokaral mwaka 2005, maji yakapanda, chumvi ikashuka, na samaki wa maji baridi wakarudi. Hakuna shamba lililobadilishwa ili hilo litokee, ni maji tu yaliyozuiwa yasitawanyike.

Siku ya 11

Bado niko kwenye maji. Nimegundua nimekuwa nikifikiria wingi wake nikasahau njia.

Mto Kissimmee wa Florida ulikuwa unajikunja kilomita 166 kabla ya kuingia Ziwa Okeechobee. Kati ya 1962 na 1971 wahandisi waliunyoosha ukawa mfereji wa kilomita 90, kwa nia njema kabisa ya kuzuia mafuriko. Mto uliokuwa ukitapakaa kwenye nyanda zake na kuacha huko virutubishi ukawa bomba. Kazi ya kuurudishia mikunjo sehemu yake ilianza 1999 na kukamilika 2021. Kunyoosha kulichukua miaka 9, kukunja upya kulichukua 22.

Hungaria ina kisa kinachofanana nacho. Mto Zala huingia Ziwa Balaton, ziwa kubwa la kina cha mita 3 na ushei tu, kwenye ncha yake ya magharibi. Palipokutana mto na ziwa palikuwa na kinamasi kikubwa, Kis-Balaton, kikakaushwa ili kipatikane kilimo. Virutubishi vya mto vikaanza kumiminika moja kwa moja ghubani Keszthely, nako ndiko mwani ulikochacha kuliko kwingine. Mwaka 1985 walijaza maji tena hatua ya kwanza ya kinamasi hicho. Yaani walilipia kukiondoa, kisha wakalipia kukirudisha, na katikati ziwa likagharimia tofauti.

Katika jedwali nimeongeza kisanduku cha "kinamasi mdomoni mwa mto". Kisanduku hiki kina tabia nisiyoipenda: kinazuia vizuri miaka ya mwanzo, kisha kinashiba. Kinamasi kilichojazwa fosforasi kwa miongo kinaweza kuanza kuitoa. Sijui niiweke vipi bila kubahatisha, kwa hiyo kisanduku kimebaki na alama ya kuuliza ya rangi nyekundu.

Siku ya 14

Mwenzangu anayenipitishia hesabu, mtu aliyetumikia mabwawa maisha yake yote, amelirudisha jedwali na sentensi moja: "Hilo si ziwa, ndugu yangu, ni ndoo."

Nikampigia. Akaniuliza upepo uko wapi, chini kuna nini, na lini niliwahi kuona ziwa lililosahau lilichokula. Nilijitetea kwamba Vollenweider mwenyewe hakuweka upepo. Akacheka, akasema Vollenweider alikuwa anatabiri wastani wa maziwa mengi, mimi ninajidai kulitabiri moja.

Ana haki. Fosforasi "inayozama" kwenye kanuni yangu haitoweki, inakwenda kwenye tope. Clifford Mortimer alieleza mwanzoni mwa miaka ya 1940, kwa vipimo vya ziwa la Esthwaite Water huko Uingereza, kinachotokea chini kule. Palipo na oksijeni, chuma kilichomo kwenye tope hushika fosforasi kama kutu inavyoshika bati. Oksijeni ikiisha, chuma hubadilika, kinayeyuka, na mateka wake wanaachiwa huru. Na nani anaimaliza oksijeni? Bakteria wanaoozesha mwani uliokufa. Mwani mwingi juu, oksijeni kidogo chini, fosforasi inapanda, mwani mwingi zaidi juu. Duara hilo halihitaji tone la mbolea kutoka shambani, likishaanza linajilisha.

Nimepiga hesabu. Nusu ya sakafu ya ziwa langu, kilomita za mraba 5, ikikosa oksijeni siku 90 kwa mwaka na kutoa miligramu 10 kwa kila mita ya mraba kwa siku, kiwango cha kawaida kwa tope lililoshiba, zinatoka kilo 4,500. Mashamba yangu yote na msitu wake vinaleta 4,600.

Nimekaa kimya mbele ya namba hiyo. Siku ya 5 nilishughulika na ukanda wa mimea kana kwamba ziwa lina mlango mmoja. Mlango wa pili uko sakafuni, una upana uleule, na hakuna sheria ya mita 60 inayoufunga.

Upepo nao: ziwa lenye kina kifupi likipigwa na upepo linakoroga tope lake lenyewe. Hapa ndipo usimamizi wa maji unaporudi kwa mlango wa nyuma. Ukishusha kina kwa kuchota au kufungulia malango, mawimbi yanafika sakafu ambayo jana yalikuwa hayaifikii. Miaka ya 2005 na 2006 Ziwa Victoria lilishuka zaidi ya mita 1 chini ya lilipokuwa miaka michache kabla, sehemu kwa ukame na sehemu kwa maji mengi yaliyoachiwa kupitia mabwawa ya umeme ya Jinja. Mafunjo ya kingoni yalibaki nchi kavu, na chujio lililo nchi kavu halichuji. Uamuzi ulikuwa wa umeme, wala hakuna aliyekata mafunjo.

Siku ya 15

Nimejaribu kurudisha msitu wote kwa usiku mmoja. Jedwali la zamani, lile la ndoo, linasema ziwa linafika nusu ya safari ya kupona kwa miezi 7. Ningempa waziri grafu hiyo angenipandisha cheo.

Maziwa halisi yanasema nini? Ziwa Washington, kando ya Seattle, linakaribia ndoo. Maji taka ya mitambo yake yaliondolewa kati ya 1963 na 1968, na W. T. Edmondson akaona maji yakianza kung'aa ndani ya miaka michache. Lakini lina kina cha wastani cha mita 33, na sakafu yake haikuwa imeishiwa oksijeni kiasi cha kuanza kulipiza kisasi. Ziwa Shagawa la Minnesota, lenye kina kifupi, lilipunguziwa karibu asilimia 80 ya mzigo kuanzia 1973, na kila kiangazi tope lake likaendelea kulilisha. Wanasayansi waliokusanya rekodi za maziwa 35 wakachapisha mwaka 2005 waliona kwamba tope huwa linachukua miaka 10 hadi 15 kabla halijatulia.

Katika ziwa la Trummen, Sweden, walichoka kusubiri. Mwaka 1970 na 1971 walilinyonya tope la juu, unene wa karibu mita 1, na ziwa likabadilika. Dawa hiyo inafaa ziwa dogo lenye mji wenye uwezo kando yake. Tena kabla ya kunyonya uwe umeshafunga mlango wa kwanza, la sivyo unachimba shimo jipya la kujaza.

Nimeweka tope lenye kumbukumbu: linatoa kilo 4,500 mwaka wa kwanza, kisha linapungua kwa asilimia 10 kila mwaka baada ya mzigo wa nje kushuka hadi 2,600, ule wa ukanda wa mimea wa siku ya 5. Asilimia 10 ni dhana yangu. Ziwa linaanza na 118, baada ya miaka 10 liko 69, baada ya 20 liko 52, na bado halijafika 43 ambayo ndoo iliahidi ndani ya miaka michache. Mwenzangu amenionya kwamba ninahesabu tope mara mbili, kwa kuwa kanuni ilitokana na maziwa halisi yaliyokuwa na tope lao. Kweli. Namba zenyewe siziamini, ninaamini umbo la mstari: unashuka kwa uvivu.

Mkulima aliyepanda miti kando ya mto mwaka wa kwanza atakuwa ameshafika mwaka wa 10 akiambiwa kazi yake haionekani. Simlaumu akiikata.

Siku ya 19

Kusukutua. Kuna njia ya kusafisha ziwa bila kugusa hekta hata moja: lete maji safi kwa wingi yalisukume. Ziwa Moses, jimbo la Washington, lilianza kupewa maji ya mto Columbia kwa ajili hiyo mwaka 1977, na hali ya maji ikawa bora.

Nimeongeza kwenye ziwa langu maji milioni 25 yenye mikrogramu 10 tu za fosforasi kwa lita, na nimezima tope ili nione kitu kimoja kwa wakati. Maji sasa yanakaa mwaka 1. Fosforasi inashuka kutoka 76 hadi 48 na nusu. Nilikuwa karibu kupiga makofi, ndipo nikafungua safu ambayo sikuwahi kuitazama: kinachotoka.

Kabla ya kusukutua ziwa lilikuwa linapeleka mtoni kilo 1,900 kwa mwaka. Sasa linapeleka 2,400. Maji yamekuwa mepesi lakini ni mengi, na fosforasi iliyokuwa inapata muda wa kuzama sasa inasombwa. Kwa walio chini ya mto mradi huu wa kusafisha umewaongezea kilo 500. Nimeingiza safu mpya inayoitwa "jirani" na itabaki hapo katika kila jaribio.

Siku ya 20

Nimegundua ziwa langu halina mbingu.

Ziwa Victoria lina kilomita za mraba 68,800, na karibu asilimia 80 ya maji yanayoliingia ni mvua inayoangukia juu yake. Pamoja na mvua huja vumbi na moshi wa mashamba na mbuga zinazochomwa, vyenye fosforasi. Vipimo vimeonyesha kwamba sehemu kubwa ya mzigo wake hupitia angani. Maana yake mtu anaweza kuchoma shamba nje kabisa ya dakio, mahali ambapo hakuna mto unaokwenda ziwani, na bado akawa amelichangia. Mpaka wa dakio niliouchora siku ya 1 kwa fahari unafaa kwa kinachotiririka tu. Nimeongeza mstari mmoja na kuupa thamani ndogo, maana ziwa langu ni dogo kulinganisha na ardhi yake, kwa hiyo mito inalitawala. Kadiri ziwa linavyokuwa kubwa kulinganisha na dakio, ndivyo mstari huo unavyogeuka kuwa hesabu yenyewe.

Siku ya 23

Ziwa Apopka la Florida nimeliacha kwa makusudi hadi sasa kwa kuwa linachanganya kila kitu. Katika miaka ya 1940 kinamasi kikubwa cha upande wake wa kaskazini kilizungushiwa tuta, kikakaushwa, kikawa mashamba ya mboga kwenye udongo mweusi wenye rutuba. Udongo huo ukikauka huoza na kudidimia, hivyo mashamba yakawa chini ya usawa wa ziwa, na maji yake yakawa yanapigwa pampu kurudishwa ziwani pamoja na fosforasi yote. Ziwa likawa supu ya kijani. Mwaka 1996 ulipitishwa mpango wa serikali kuyanunua mashamba na kurudisha kinamasi. Yakafurikishwa, ndege wakaja kwa maelfu kufuata samaki, na majira ya baridi ya 1998 na 1999 mamia yao wakafa: udongo ulikuwa na mabaki ya viuatilifu vya miaka mingi, vikapanda kupitia samaki hadi kwenye ndege. Ikabidi maji yatolewe tena na ardhi itibiwe kwanza.

Jedwali langu lingeipa hatua ile ya kufurikisha alama zote, fosforasi ingeshuka vizuri. Safu ya viuatilifu sina, na hata nikiiweka, kitu gani kinafuata? Kila safu niliyoongeza hadi leo, iliyoyeyuka, tope, jirani, mbingu, imetoka kwenye ziwa fulani lililomshangaza mtu.

Kazi inayofuata ni muda. Jedwali linakwenda kwa mwaka, wakati sehemu kubwa ya fosforasi ya mashamba husafiri kwenye dhoruba chache tu. Mvua kubwa siku mbili baada ya mbolea kumwagwa na mvua hiyohiyo miezi miwili baadaye, katika hesabu za mwaka, ni kitu kimoja. Ninalivunja liwe la siku. Safu 12 zinakuwa na mistari 365 kila moja, na kompyuta imeshaanza kulalamika.

Mwenzangu amepitia toleo la jana. Ameandika pembeni ya kisanduku cha kinamasi, kile chenye alama nyekundu: "Anzia hapa." Kisha chini yake: "Ndoo imepata matope. Bado upepo."